Chakula Kisichoonjwa

Chakula cha marehemu hakionjwi. Mpishi hata awe na kiherehere cha namna gani, hata ulimi umwashe vipi, chumvi ataipima kwa jicho na pilipili ataipima kwa pua. Kesho yake, watawa wakishakula na wafu wakishakula, ndipo naye atajua alipika nini. Lamduan alilijua hilo tangu utotoni, na jioni ile alikuwa amekaa jikoni, chini ya nyumba ya nguzo alimozaliwa, amefunga midomo kama aliyeinunia dunia nzima.

Kesho ilikuwa siku ya kuwalisha wafu, ile ya mwezi wa kumi kwa hesabu ya mwandamo, mpunga unapoanza kubeba mimba mashambani. Kila mwaka Lamduan aliikosa siku hiyo kwa sababu ya kazi. Mwaka huu alikuja, kwa kuwa mwaka huu mama yake, Mama Chanpheng, alikuwa upande wa wanaolishwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mapokezi katika hoteli moja kubwa Bangkok. Kazi ya kucheka na watu. Lamduan alikuwa na tabasamu la mshahara, lile linaloanza saa ya kuingia zamu na kukoma saa ya kutoka, na wageni walilipenda. Mwaka jana, katikati ya msimu, mama alimpigia simu. Sauti ilikuwa imepungua.

"Duan, mdomo wangu umekataa kila kitu. Unamtaka samaki wako wa majani tu."

"Wiki ijayo, Mama. Hoteli imejaa."

Wiki iliyofuata alikuja kweli, ila alikuja amevaa nyeusi.

Basi leo ndiyo alikuwa anampika samaki huyo. Kambare wa mtoni, amekatwakatwa, amechanganywa na mchaichai uliotwangwa, vitunguu, pilipili na majani ya mrehani, tayari kufungwa vifungu vifungu ndani ya majani ya mgomba na kuwekwa kwenye mvuke. Kimoja tu kilikuwa bado hakijaingia. Kwenye kona ya jikoni ulikuwepo mtungi wa padaek, samaki aliyelala na chumvi na pumba mwaka mzima mpaka akageuka mchuzi mzito wenye harufu ya kumkimbiza mgeni na kumwita mwenyeji. Samaki wa majani bila padaek ni majani tu. Na mtungi huu aliutia chumvi Mama Chanpheng kwa mikono yake mwenyewe, ukawa wa mwisho. Lamduan aliufungua alasiri hiyo kwa mara ya kwanza. Akachota bakuli moja, akalifunika kwa kisahani, akaliweka juu kwenye rafu ya dirishani, mbali na nzi. Padaek hutiwa mwishoni.

Jirani, Mama Mkubwa Thongsai, alikuwa amepita mapema kumkagua. Mwanamke huyu alikuwa rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana, na kukagua jiko la mwenzie aliona ni wajibu wake kabisa.

"We Duan, mkono wako wa chumvi bado upo, au umeuacha Bangkok? Maana nyie wa huko mnatia sukari mpaka kwenye pilipili. Utamtia mama yako kisukari huko aliko."

"Kisukari si ndicho kilichomuua, Mama Mkubwa?"

"Basi ndiyo nakwambia, usimwongezee."

Wakacheka, kisha Mama Mkubwa akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akaondoka kabla mvua haijashika.

Mvua ikashika. Ilikuwa mvua ya Septemba ile isiyo na haraka, inayonyesha kama iliyolipwa kwa siku. Lamduan alikuwa amenyanyua mkono kulifuata lile bakuli la rafuni aliposikia kengele ya baiskeli langoni.

Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mtu mzima kabisa, nywele mvi tupu, amepakia mabegi mbele na nyuma ya baiskeli kama anayehama. Peke yake. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mwimo wa lango, halafu akauendea mtungi wa maji.

Mtungi ule Mama Chanpheng aliuweka langoni miaka mingi kwa ajili ya wapita njia, pamoja na kata ya kifuu. Kila asubuhi aliujaza. Mgeni akafunua kifuniko, akachungulia, akakirudisha polepole. Ulikuwa mkavu tangu mazishi. Lamduan alikuwa nyumbani siku ya tatu na wala hakuwa ameufikiria.

Mgeni akaja mpaka kwenye upenu wa jiko, maji yanamchuruzika puani, akaunganisha viganja mbele ya uso.

"Mama yupo?" aliuliza kwa lugha ya pale pale kijijini, kwa ulimi mgumu.

Lamduan hakushangaa. Wageni wa hotelini nao, wakishajifunza maneno mawili, kila mwenye nyumba humwita Mama.

"Mama hayupo," alijibu. Na huo ulikuwa ukweli.

Hapo ndipo palipokuwa pa kuuliza lile swali. Kila mtu wa Isan, huku kaskazini-mashariki, analo mdomoni tangu anapoota meno: umekula? Huulizwa jamaa, huulizwa adui, na Mama Chanpheng aliwahi kumuuliza hata askari aliyekuja kumkamata kaka yake, na askari akala, na kaka akapata muda wa kuvaa viatu. Swali lilifika kwenye ulimi wa Lamduan likakaa. Alifikiria kumkaribisha huyu mtu, kumpa taulo, kumsikiliza habari za nchi yake, kucheka anapocheka. Alikuwa amecheka na Wazungu mwaka mzima. Alikuwa amecheka nao hata ile wiki ambayo mama yake alikuwa anaitamani mikono yake. Akahisi kitu kama hasira, ingawa huyu bibi hakuwa amemkosea lolote.

"Na chakula hakuna," akasema, akiwa na lile tabasamu la vyumba vimejaa. "Kimeisha. Samahani sana."

Wali wa kunata ulikuwa unatoa mvuke nyuma yake. Mchaichai ulinukia mpaka barabarani. Mgeni akaliangalia jiko mara moja tu, kwa upesi, kama mtu aliyeona nguo ya ndani ya mwenzie na hataki ajulikane ameona. Kisha akamtazama Lamduan usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, akatabasamu.

"Nimeshiba, mwanangu," akasema. "Nimeshiba."

Akaunganisha viganja tena, akaikokota baiskeli yake kwenye mvua.

Lamduan akabaki amesimama. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Mgeni hakuulizwa kama ana njaa, alijibu kwamba ameshiba; yaani uongo aliusikia, na akaufunika vizuri asije mwenye uongo akapata baridi. Lamduan akaanza kujitetea mbele ya masufuria. Chakula ni cha mama. Kumpa mtu leo ni kumtangulizia marehemu mdomo wa mwingine. Lakini mpapai wa nyuma ya nyumba ulikuwa umejaa, na kuku walikuwa wametaga. Yai moja la kukaanga lingemtia hasara gani marehemu?

Alifanya kazi iliyobaki kwa haraka. Akajaza majani, akakunja, akafunga kwa vijiti vya mwanzi, akapanga kwenye mvuke, asitazame kitu kingine. Mara mbili alitoka mpaka langoni kuangalia barabara. Hapakuwa na mtu. Alipopanda kulala, picha ya mama ukutani ilikuwa inatabasamu kama kawaida yake, na hilo ndilo lilikuwa gumu.

* * *

Asubuhi mvua ilikuwa imekata. Lamduan aliujaza mtungi wa langoni kwanza, akijua fika kwamba anamjazia mtu aliyekwisha kupita. Kisha akavaa sketi ya hariri ya mama, akabeba kapu la vifungu, akaenda hekaluni.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake na makapu. Vifungu vya wafu vilikwisha kupangwa kwenye meza ndefu ya mianzi uani, karibu na ukuta wenye majivu ya wazee wa kijiji, na kila familia iliweka vyake upande wake. Lamduan akaweka vya mama. Akageuka. Katikati ya wanawake, ameketi mkekani miguu ameikunja upande mmoja kama binti aliyefundwa, amevaa sketi ya kuazima iliyomfikia kwenye vigimbi, alikuwepo yule bibi wa baiskeli.

"Duan! Njoo hapa, njoo!" Mama Mkubwa Thongsai alipunga mkono, akiwa na uso wa mtu mwenye habari. "Mama Grete wako huyu hapa. Kumbe mnajuana."

"Mama nani?"

"Grete! Yule wa homa! Usinambie mama yako hakukuhadithia. Mwaka ule alimwokota pale njia panda, homa ya dengue imemlaza kwenye majani, watu wanapita wanapiga picha. Chanpheng akampakia kwenye mkokoteni wa mpunga, akamlaza kwenye kitanda chako mpaka akapona. Akimnywesha uji kwa kijiko. Mimi nikamwambia, we Chanpheng, akikufia huyu utawaambia nini ubalozini? Akanambia, nitawaambia alikufa ameshiba."

Wanawake wakaangua kicheko, na mgeni naye akacheka, ingawa sidhani kama aliambulia zaidi ya jina la Chanpheng.

Lamduan alikumbuka. Mama alikuwa amemsimulia kwenye simu, kwa furaha, na yeye akamkatiza: Mama, unamlaza mtu usiyemjua kwenye kitanda changu? Siku akikuibia ndipo utajua. Mama akamjibu: Ataiba nini, Duan? Mtungi wa padaek? Baada ya hapo mama hakumtaja tena mgeni wake.

"Amerudi kumsalimia," Mama Mkubwa akaendelea. "Hakuwa na habari. Jana kafika kwangu ameloa chapa, nikamuuliza, umekula? Akasema, nimeshiba. Nikamuuliza, umeshapita kwa Chanpheng? Akasema, nimepita kwa mtoto, nimeshiba. Alikutambua kwa picha, mama yako alikuwa anamwonyesha kila siku mpaka ikachakaa. Basi nikajua, Duan kamlisha, sikuhangaika hata kuwasha jiko. Maji hufuata mkondo. Ila nilipomweleza kwamba mama hayupo maana yake hayupo kabisa, maskini, alikaa chini pale pale kwenye ngazi akalia. Usiku kucha sidhani kama alilala."

Wala hakula. Hilo Mama Mkubwa hakulijua, ila Lamduan alilijua, na alilijua peke yake katika ukumbi ule mzima. Na asubuhi hii pia hakuna aliyekula, kwa maana hakuna anayetia kitu mdomoni kabla ya watawa. Bibi wa miaka sitini na kitu, amepiga baiskeli siku nzima kwenye mvua, analala na njaa katika kijiji ambacho hata mbwa wa watu huulizwa kama amekula.

"Damu ya Chanpheng hiyo," akasema mwanamke mmoja.

"Nilidhani Bangkok imemharibu," akasema mwingine. "Kumbe bado wetu."

Ulikuwepo upenyo wa kusema. Lamduan aliuona, ukubwa wake wa kupita ng'ombe. Mdomo wake ukafunguka, na kilichotoka ni lile tabasamu la mshahara. Alijichukia kwa tabasamu lile kuliko kwa uongo wa jana.

Mama Grete akalivuta begi lake dogo, akatoa sweta. Lilikuwa la bluu, limefumwa kwa mkono, mishono yake haikulingana sana. Akalishika kwa mikono miwili, akamkabidhi Lamduan.

"Mama baridi," akasema, akijikumbatia kuonyesha. "Desemba. Mama baridi."

"Mama yako alikuwa analalamika kipupwe kikifika," Mama Mkubwa akafafanua. "Kalifuma mwenyewe. Lugha yetu anaokoteza tu, mama yako alimfundisha hasa maneno ya kula: umekula, tamu, nimeshiba. Alimwambia, haya yanatosha kuzunguka nayo nchi nzima."

Lamduan alilipokea. Lilikuwa jepesi na bado lina unyevu wa mvua ya jana. Akaliweka mapajani, akashindwa kuinua uso.

Watawa wakala. Kisha wakasoma dua, na kila familia ikamimina maji kwenye vikombe vidogo, tone kwa tone, ili thawabu zifuate maji ziwafikie walioondoka. Lamduan akamimina. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mama yake tangu akiwa kwenye basi: nimechelewa, lakini nimekuletea. Sasa yalimkauka. Alichoweza kusema moyoni ni: Mama, pokea. Halafu akaongeza: Mama, mgeni wako nilimfukuza.

Ngoma ya hekalu ikalia, ishara kwamba wafu wamekula na sasa ni zamu ya walio hai. Watu wakakimbilia meza ya uani kwa vifijo, kila mtu ananyakua kifungu chochote, maana mabaki ya wafu yana baraka, na kunyang'anyana ndiyo raha yenyewe. Mama Grete alisimama pembeni, hajui kama na yeye anaruhusiwa. Lamduan akapenya katikati ya viwiko, akachukua viwili vya mama yake, akarudi. Kimoja akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa chini kuliko alivyowahi kukiinamisha hotelini kwa mtu yeyote.

Wakaketi mkekani. Mama Grete alifungua jani, akafinyanga tonge la wali, akachovya, akala. Akala tena, upesi upesi, na Lamduan akamsogezea wali. Mwisho Lamduan akafungua kifungu chake, akaonja.

Hakikuwa na kitu. Mchaichai ulikuwepo, pilipili ilikuwepo, samaki alikuwepo, na vyote vilikuwa chapwa, vimekaa tu kama watu wasiojuana. Akaonja tena. Ndipo alipoliona bakuli, kwa macho ya moyoni, pale juu kwenye rafu ya dirishani, limefunikwa kwa kisahani. Mkono wake ulikuwa umenyanyuka kulifuata, kengele ya baiskeli ilipolia. Baada ya hapo hakulishika tena. Padaek ya mwisho ya mama yake ilikuwa nyumbani, na mama yake, aliyengoja mwaka mzima, alikuwa amelishwa majani.

Mama Mkubwa Thongsai naye alikuwa ameonja cha mikononi mwake. Taya zikasimama.

"We Duan. Padaek iko wapi?"

"Tamu," akasema Mama Grete haraka, amenyanyua tonge juu ili wote walione. "Tamu. Tamu."

Wanawake wakacheka. Mama Mkubwa akampiga mgeni kikofi cha begani.

"Ana adabu huyu, Chanpheng alimfunda. Haya sema kweli sasa, mdogo wangu, cha jana kwa Duan na hiki cha leo, kipi kitamu?"

Sijui kama Mama Grete alilielewa swali. Lakini alielewa jana na alielewa Duan, kwa sababu tonge lilishuka na macho yakashuka. Alikuwa anatafuta neno katika yale machache aliyonayo, na halikuwemo la kumwokolea mtu.

"Jana hakula," Lamduan akasema.

"Nini?"

"Hakula kitu, Mama Mkubwa. Alikuja langoni kwetu ameloa, nikamwambia chakula hakuna. Wali ulikuwa jikoni unachemka. Nilimnyima. Amelala na njaa." Akanyanyua kifungu chake. "Na padaek nimeisahau kwa sababu hiyo hiyo."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyesema bado wetu alianza kukunja jani lake lililokuwa limekwisha kukunjwa. Mama Mkubwa Thongsai alimtazama Lamduan, akamtazama mgeni, kisha akakiweka kifungu chake chini. Lamduan alitamani amtukane. Tusi angeweza kulibeba mpaka nyumbani.

Mama Grete aliwaangalia wote. Kisha akalisogeza jani lake, lenye nusu ya samaki, mpaka mbele ya magoti ya Lamduan. Akafinyanga tonge dogo la wali, akaliweka ukingoni mwa jani, upande wa Lamduan.

"Umekula?" akauliza.

Hakuuliza kwa kejeli, na hilo ndilo lililomvunja. Aliuliza kama Mama Chanpheng alivyokuwa akiuliza, kichwa kimeinama upande, akingoja jibu.

"Bado," Lamduan akasema. "Bado, Mama."

Akalichukua tonge, akachovya, akala. Lilikuwa chapwa. Alikula hadi jani likabaki tupu.